Mtoto Ajikuna, Mama Yuko Njiani

Mtoto anayejikuna hana siri. Mwenye minyoo hubaki nayo tumboni, mwenye kifua hukohoa akapumzika, lakini mwenye pumu ya ngozi huubeba ugonjwa wake hadharani, mashavuni, kwenye viwiko, nyuma ya magoti, na kila apitaye hujiona ana haki ya kushauri. Mama wa Tlawi, wilayani Mbulu, akimbeba mtoto wa mwaka mmoja na nusu kwenda kanisani, hurudi na dawa tano. Akipanda gari la kwenda Mbulu mjini, huongezewa tatu. "Mwachishe maziwa." "Hiyo ni damu chafu, mpe dawa ya minyoo." "Kuna mzee upande wa Katesh." "Usimpake krimu za hospitali, zitamchubua." Kisha yupo yule mwenye sauti ya upole kuliko wote: "Mama, wewe tafuta chanzo. Ukishajua chanzo, umemaliza."

Makala haya yanabishana na huyo wa mwisho. Wengine ni rahisi kuwajibu mmoja mmoja, lakini yeye ndiye anayewapa wote kibali cha kusema. Wala si mjinga: mara nyingi ni mwalimu, katekista, muuguzi mstaafu, au shangazi aliyelea watoto saba. Anachosema kimekuwa akili ya kawaida kutoka Dongobesh hadi Dar es Salaam, kwamba mtoto akijikuna kuna kitu kimoja kinachomkosea, na mzazi mwema ni yule asiyechoka kukitafuta. Kwa magonjwa mengi ushauri huo ni mzuri. Kwa huu, msako ndio unaogeuka kuwa ugonjwa wa pili.

Lugha nayo imechangia. Kamusi zinalo neno ukurutu, lakini dirishani kwa duka la dawa ni wachache wanaolitumia. Watu husema pumu ya ngozi, na mara nyingi zaidi husema aleji. Ukurutu ni jina la hali ya ngozi, ilhali aleji ni jina la kesi. Ukishatamka aleji, sharti awepo mshitakiwa: aleji ya nini? Ya samaki? Ya mayai? Ya sufu ya blanketi? Ya moshi wa kuni? Upelelezi unafunguliwa, mashahidi wanaitwa, na mtoto anaendelea kujikuna huku kesi ikiahirishwa.

Ngozi ya mtoto huyu ifikirie kama ukuta wa tembe. Wairaqw wa Mbulu wamejenga kwa udongo kwa vizazi vingi, na kila ajengaye kwa udongo anajua kuwa kiangazi kikipiga, ukuta hupasuka. Ngozi yenye pumu hupasuka hivyohivyo: maji yaliyomo hutoka haraka, na vitu vya nje, yaani sabuni, vumbi, jasho, bakteria, huingia kirahisi. Kinga ya mwili huviona vimeingia, hupiga kelele, na kelele hiyo ndiyo mwasho. Mtoto hukuna, ukuta hupasuka zaidi, vingine huingia. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskoti, wakiongozwa na Irwin McLean, walionyesha kuwa wagonjwa wengi wa Ulaya wamezaliwa na hitilafu katika protini iitwayo filagrini, ambayo ni kama majani yanayoushika udongo wa ukuta. Watu wakadhani sasa chanzo kimepatikana. Halafu ikaonekana kuwa kwa watu wenye asili ya Afrika hitilafu hiyo hupatikana mara chache zaidi, na bado watoto wao wanaugua, tena vikali. Kurithi kumo, kinga imo, hewa imo, bakteria wamo. Aliyekwenda kutafuta mwizi mmoja amekuta mkutano wa hadhara.

Na huko juu, Juni hadi Agosti, hewa yenyewe haina huruma. Upepo wa nyanda za juu za Mbulu ni baridi na mkavu, watu hulala karibu na moto, na sabuni ya mche ileile iliyofua mashuka ndiyo inayomwogesha mtoto. Hakuna anayeuliza ni nani aliyeuroga ukuta wa tembe uliopasuka mwezi wa nane. Watu huchota udongo wakakandika, na mwaka unaofuata wakakandika tena.

Kwa nini basi kwa ngozi ya mtoto hawatulii nyumbani wakakandika? Mwanaanthropolojia wa Norway, Ole Bjørn Rekdal, aliyeishi na kutafiti Mbulu, aliichunguza tabia ya kwenda mbali kutafuta tiba katika makala aliyochapisha mwaka 1999. Alionyesha kuwa Wairaqw huvuka mipaka ya kabila kwa urahisi wanapotafuta tiba, na kwamba mganga wa mbali, wa lugha nyingine, mara nyingi huaminiwa kuliko wa jirani. Dawa ya mbali ina nguvu kwa sababu ni ya mbali. Aliyasema kwa heshima, na ni kweli kuna uwazi wa kupendeza katika watu wasioogopa hekima ya wageni. Uwazi huohuo ndio uliowafanya wengi waikubali mapema hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyojengwa na Wanorway katika miaka ya 1950. Ila ugonjwa unaorudi kila baada ya wiki tatu ni mtego kwa watu wenye imani hiyo. Kila unaporudi, dawa ya karibu inaonekana imeshindwa, na mzazi anasogea mbali zaidi.

Mwaka 2011 taifa zima lilisogea mbali. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alikaa Samunge, Loliondo, akichota kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, na magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi porini. Mawaziri walikwenda, wagonjwa wa kisukari walikwenda, wenye virusi vya UKIMWI walikwenda, wengine wakiwa wameacha vidonge vyao nyumbani. Kikombe kimoja, mara moja, kwa kila ugonjwa sugu. Mwasapile alifariki mwaka 2021 na foleni ilikuwa imekwisha siku nyingi, lakini namna ile ya kufikiri haikuzikwa naye. Imehamia kwenye mashine za "kupima mwili mzima" zinazotangazwa mijini, ambapo mtu hushika kifaa mkononi na kutajiwa aleji zake zote kwa dakika chache, na kwenye chupa zisizo na lebo zinazouzwa kuwa "dawa ya kusafisha damu". Pumu ya ngozi ni neema kwa biashara hiyo, kwa sababu hupanda na kushuka yenyewe. Anayeuza maji ya bomba ugonjwa ukiwa umepanda, ataonekana tabibu wiki mbili baadaye.

Mashitaka yanayodhuru kuliko yote ni yale dhidi ya chakula. Hapo mshauri haongezi kitu kwa mtoto, anampunguzia. Kwanza maziwa, kisha mayai, kisha samaki, kisha maharage, na mara karanga. Muulize mama wa Tlawi mtoto anabaki na nini. Atakujibu uji wa mahindi. Ng'ombe yuko zizini, maziwa yamo kibuyuni, na mtoto anakunywa uji mtupu kwa sababu mtu fulani garini alisema maziwa yanachemsha damu.

Haya yanatokea katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Haydom ilikuwa mojawapo ya vituo vinane vya utafiti mkubwa wa kimataifa wa MAL-ED, ulioanza mwaka 2009 na kuwafuatilia watoto tangu kuzaliwa ili kujua kwa nini hawakui. Eneo ambalo wanasayansi wa dunia walilichagua wajifunze utapiamlo si mahali pa kumnyima mtoto yai kwa kukisia.

Mtetezi wa msako atasema: lakini mzio wa chakula upo. Upo, na unajulikana kwa sura yake. Mtoto amekula yai na ndani ya dakika chache midomo imevimba, mwili umetoka vilima vya mwasho, anatapika au anapumua kwa shida. Huyo akimbizwe hospitali, na chakula hicho asipewe tena mpaka daktari aseme. Jambo hilo ni tofauti na viwiko vinavyowasha tangu mwezi wa sita, ambavyo vinawasha siku ya maziwa na siku isiyo ya maziwa. Kuna kioja zaidi. Huko London, Gideon Lack na wenzake waliwachukua watoto wachanga 640 wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa yai, wakawagawa: nusu wakae mbali na karanga, nusu wale karanga mara kwa mara tangu uchanga. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Miongoni mwa wale ambao vipimo vya mwanzo havikuonyesha dalili ya mzio wa karanga, asilimia 13.7 ya waliokatazwa walikuwa na mzio huo walipofika miaka mitano. Kwa waliolishwa ni asilimia 1.9. Kukwepa ndiko kulikozaa kilichokwepwa. Bibi anayetwanga karanga laini na kuzitia kwenye uji alikuwa mbele ya madaktari wa Uingereza kwa miaka mingi, na leo anaambiwa aache.

Halafu damu chafu. Dawa yake, katika maelezo ya mtaani, ni kutoa minyoo, na mtoto anayejikuna hupewa vidonge vya minyoo mara tatu kwa mwaka, wakati mwingine na mzazi mjamzito naye anameza "ili mtoto ajaye azaliwe safi". Entebbe, Uganda, kundi la watafiti lililoongozwa na Alison Elliott liliwaandikisha wajawazito 2,507 kuanzia mwaka 2003, wengine wakapewa dawa za minyoo na wengine dawa bandia. Mwaka 2011 Harriet Mpairwe na wenzake walichapisha hesabu ya ngozi: watoto ambao mama zao walimeza dawa ya minyoo ya albendazole walipata pumu ya ngozi zaidi, wala si pungufu. Hiyo haina maana kwamba watoto waachiwe minyoo. Minyoo inakula damu na akili za watoto, na itolewe kwa ratiba ya kliniki. Maana yake ni kwamba hadithi ya uchafu wa damu unaotokea ngozini haina mguu hata mmoja wa kusimamia. Uhusiano wenyewe ulielekea upande wa pili.

Sasa hofu ya krimu, ambayo inastahili kusikilizwa kwa adabu kwa sababu ina ushahidi machoni pa kila mtu. Nani hajaona mwanamke aliyepaka mkorogo mpaka mashavu yakawa mekundu na mishipa ikaonekana? Mikorogo mingi ina steroidi kali, na steroidi ni jamii ileile ya krimu anazoandikiwa mtoto. Madukani zipo pia zile tyubu za mchanganyiko wa dawa tatu, steroidi na ya bakteria na ya fangasi, zinazotolewa kwa kila kipele bila mtu kuomba kukiona. Ukimpaka hiyo mtoto mwenye choa, choa hutulia siku tano kisha hutambaa mwili mzima. Kwa hiyo anayeogopa ana sababu.

Lakini anaogopa tyubu isiyostahili hofu hiyo. Krimu ya hydrocortisone ya asilimia moja, ambayo jamii yake iliingia kwenye matibabu ya ngozi mwaka 1952 kupitia Marion Sulzberger na Victor Witten wa Marekani, iko mbali na clobetasol, steroidi kali ya mkorogo, kama togwa ilivyo mbali na gongo. Ya kwanza hupakwa hata usoni kwa mtoto kwa siku chache chini ya maelekezo ya tabibu. Ya pili haina kazi kwenye shavu la mtoto. Betamethasone iko katikati, na kwa mikono na miguu iliyokakamaa hutumika kwa muda uliopangwa. Hatari inategemea nguvu ya dawa, mahali pa kupaka na muda wa kupaka. Kuziweka zote kwenye kapu moja la "krimu za hospitali" kumewaacha watoto wengi wakijikuna usiku kucha ili kuwaepusha na madhara ambayo tyubu yao haikuwa nayo.

Na ile "itamchubua"? Pumu ya ngozi ikitulia kwenye ngozi nyeusi huacha madoa, mara nyingi meupe kuliko mwili, mara nyingine meusi zaidi. Ni nyayo za ugonjwa, na huchukua miezi kufutika. Mama hupaka krimu, mwasho unakwisha, doa jeupe linabaki, na lawama zinaangukia krimu. Vitabu navyo vimechangia kosa. Vingi vimeandikwa vikielezea ugonjwa mwekundu, wakati kwa mtoto wa Mbulu huwa wa kijivu, mweusi, wenye vinundu vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Tabibu aliyesomea wekundu anaweza kuuona akasema ni kidogo.

Tufike kwenye hesabu, maana hapo ndipo ilipofichwa siri ya kusema "nimepaka, haikufanya kazi". Madaktari wa ngozi hupima kwa kidole: mstari wa krimu unaotoka kwenye tyubu kufunika pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mtu mzima, ambao ni karibu nusu gramu na unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili huhitaji kidole kimoja na nusu kwa kila mkono, viwili kwa kila mguu, viwili kifuani na tumboni, vitatu mgongoni na makalioni, kimoja na nusu usoni na shingoni. Jumla ni vidole 13 na nusu, karibu gramu saba. Tyubu ya gramu 15 kwa mtoto aliyeenea mwili mzima haifiki hata mara tatu. Mama ameambiwa apake kidogo, kutwa mara mbili, wiki mbili, kutoka kwenye tyubu moja. Amefanya alichoambiwa. Amepaka harufu ya dawa.

Kwa mafuta ya kulainisha ngozi pengo ni kubwa zaidi. Mwongozo wa Uingereza unataka mtoto mwenye ugonjwa huu atumie gramu 250 hadi 500 kwa wiki, yaani kopo la kawaida la mafuta ya mgando la gramu 250 liishe ndani ya siku saba au pungufu. Hapa watu watacheka. Lakini angalau wasiogope bei ya makopo ya kigeni yanayosifiwa mijini: katika jaribio la Bristol lililochapishwa mwaka 2022, watoto 550 walipewa losheni, krimu, jeli au mafuta ya mgando, na baada ya majuma 16 hakuna aina iliyoishinda nyingine kwa kutuliza ugonjwa. Kopo bora ni lile ambalo familia inamudu kulimaliza na kununua jingine. Wachunguzi wa Uingereza wameyapima hata yale mengine yanayouzwa kwa wazazi waliochoka. Mashine za kulainisha maji, watoto 336, hazikusaidia. Nguo za hariri, watoto 300, hazikusaidia. Mafuta ya kumimina kwenye maji ya kuoga, watoto zaidi ya 480, hayakusaidia. Matajiri nao wana Loliondo yao.

Kuhusu mafuta ya mimea, wenye mashamba ya alizeti Hanang wana cha kujivunia kidogo. Watafiti wa Sheffield walipopaka ngozi za watu wazima, mwaka 2013, mafuta ya zeituni yalidhoofisha ukuta wa ngozi, ya alizeti hayakuudhoofisha. Ni jaribio dogo, na mafuta ya alizeti yaliyotoka mashineni jana na mashudu yake si yaleyale ya maabara. Mgando bado ni salama zaidi kwa ngozi iliyochubuka. Ila kama ndani ya nyumba kuna kuchagua kati ya alizeti ya jirani na zeituni ya "upako" iliyonunuliwa kwa nauli ya kwenda mkutano wa maombi, ngozi ina jibu.

Ukweli mwingine uwekwe mezani, hata kama unaudhi upande huu wa hoja. Mafuta hayazuii ugonjwa. Jaribio la Nottingham la mwaka 2020, lenye watoto wachanga 1,394, lilionyesha kuwa kumpaka mtoto mafuta kila siku mwaka wake wa kwanza hakukumkinga. Mafuta humtuliza mtoto aliyekwisha kuugua, basi. Anayeuza kinga naye anauza kikombe.

Je, hii ni kuwaambia wazazi wakate tamaa? Wengi huona hivyo, kwa sababu wamezoea kuona juhudi kwenye safari. Mama aliyekwenda Katesh, Karatu na Arusha anaonekana amepigana. Aliyekaa nyumbani akipaka mgando asubuhi na jioni anaonekana amekaa tu. Wakwe wataulizana. Na bado yule wa pili ndiye anayefanya kazi ngumu: maji ya uvuguvugu badala ya moto, sabuni kidogo au kuiacha kabisa sehemu zinazowasha, mafuta mwili ukiwa bado na unyevu, krimu ya dawa sehemu zilizochachamaa tu, kucha fupi, shati la pamba chini ya sweta la sufu. Kila siku, kwa miaka. Watoto wengi hupata nafuu kubwa kabla ya kubalehe, lakini hakuna atakayepiga vigelegele siku hiyo, maana haitakuwa siku moja.

Msako mmoja tu una haki ya kufanyika, nao ni mfupi: kuhakikisha kuwa ni pumu ya ngozi kweli. Kama nyumba nzima inajikuna usiku na kuna vipele katikati ya vidole, huo ni upele, na familia yote itibiwe siku moja. Lakini dawa ya upele kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi ni moto juu ya kidonda. Kama ngozi inatoa maji ya njano na magamba ya rangi ya asali, bakteria wameingia. Kama kuna homa na malengelenge madogo yanayofanana yaliyojazana, ni dharura ya usiku huohuo.

Kuyatofautisha hayo kunahitaji tabibu wa karibu, na hapo lawama inahamia kwa wenye mamlaka. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha Moshi, pale KCMC, kilifunguliwa mwaka 1992 kwa wazo la busara, kwamba Afrika haitapata madaktari bingwa wa ngozi wa kutosha, basi wafundishwe maafisa tabibu na warudi wilayani. Wametoka humo wataalamu waliosambaa nchi nyingi. Kutoka Tlawi hadi Moshi, kwa njia ya Karatu na Arusha, ni safari ya kutwa. Mama anayeambiwa "usiende mbali" anastahili kumkuta karibu mtu aliyesomea Moshi, tyubu inayotosha wiki mbili, na kopo la mgando linalohesabiwa kuwa dawa badala ya kipodozi. Asipovikuta, gari la Katesh liko stendi, na hakuna mwandishi wa magazeti mwenye haki ya kumcheka akipanda.

Kwa sasa hali iko hivi. Jioni ya Julai, moto umewashwa, mtoto ametoka kwenye beseni, na mama ameanza na miguu. Jirani anabisha hodi na chupa ya magome yaliyochemshwa, ameitoa mbali, ameilipia nauli. Mama atamkaribisha, atampa kigoda, ataipokea chupa kwa mikono miwili na kuiweka juu ya kabati pamoja na nyingine nne. Kisha atamgeuza mtoto. Mgongo bado haujapakwa.